Mguu wa Mkokoteni: Tairi Kuukuu na Lugha ya Ufundi Katika Marikiti ya Mombasa

Utangulizi

Miongoni mwa mafumbo yaliyochakaa kwa kutumiwa katika Kiswahili cha majukwaani ni lile la "gurudumu la maendeleo". Kwa miongo mingi viongozi wamewahimiza wananchi walisukume gurudumu hilo, wanafunzi wamelipamba katika insha, na watunzi wa mashairi ya magazetini wamelitia vina. Ajabu ni kwamba katika matumizi yote hayo gurudumu lenyewe halina sifa yoyote ya gurudumu. Halina ukubwa wala upepo. Halizeeki, halipati pancha, na wala haijulikani ni nani aliyelitia grisi mara ya mwisho. Kazi yake ni moja tu, kusukumwa.

Makala haya yanadhamiria kulishusha gurudumu hilo kutoka jukwaani na kulitazama pale linapofanya kazi kweli: chini ya mkokoteni wa hamali katika soko la Marikiti, kisiwani Mombasa. Yanaeleza jinsi tairi la mkokoteni linavyochaguliwa, linavyobadilishwa na linavyotunzwa pamoja na vifaa vinavyoandamana nalo. Sambamba na hayo, yanatazama msamiati ambao mafundi wanautumia katika kazi hiyo. Mambo haya mawili hayatenganishiki. Hamali asiyeweza kusoma kilichoandikwa ubavuni mwa tairi huuziwa tairi lililokufa zamani, na hasara yake huilipa kwa kifua na kwa ndama za miguu yake.

Mkokoteni na mji wake

Neno "mkokoteni" lina umbo la kuvutia. Shina lake ni kitenzi "kokota", na sehemu inayofuata kiambishi m- inalingana kabisa na amri ya wingi: kokoteni! Ni kana kwamba chombo kilipewa jina kutokana na sauti ya anayewaamrisha wengine. Hata hivyo, usemi uliozoeleka zaidi leo ni "kusukuma mkokoteni". Jina lasema vuta, kitenzi chasema sukuma. Wote wawili wana haki, kwa kuwa kwenye mwinuko hamali mmoja hutangulia mbele na kuvuta, na mwenziwe hubaki nyuma na kusukuma. Tanzania kuna pia neno "rikwama" kwa chombo cha aina hiyohiyo.

Kazi ya kusukumana si ngeni Mombasa. Mwaka wa 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba ya kuelekea bara. Reli hiyo haikufika mbali. Baadaye vyuma vyake vilitandikwa katika njia za kisiwani, na juu yake vikapita vigari vidogo vilivyosukumwa na watu, vikibeba maofisa na mizigo, hadi motokaa zilipovifukuza mnamo miaka ya 1920. Neno "toroli" ambalo Kiswahili kinalo mpaka leo linatokana na jina la Kiingereza la vigari vya namna hiyo. Reli zimekwenda, lakini sababu iliyowafanya watu wasukume haijaondoka: mitaa ya Mji wa Kale ilijengwa kabla ya lori kuwapo. Mzigo ulioshushwa Marikiti, kando ya Barabara ya Digo (iliyokuwa zamani Barabara ya Salim), hauwezi kuingia Ndia Kuu na vichochoro vyake kwa lori. Huingia kwa mkokoteni, au kwa bega.

Jengo la soko lenyewe, ambalo Waingereza waliliita Mackinnon, ni la mwaka wa 1914. Wenyeji hawakujishughulisha na jina la Mackinnon. Walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya soko, wakalitia irabu na kuliita Marikiti. Tendo hilo la kulainisha neno la kigeni mpaka likae mdomoni litakumbukwa tutakapofika kwenye msamiati wa tairi.

Kuisoma tairi

Mkokoteni wa kawaida una magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye ekseli moja, na mara nyingi ringi na tairi zake zilitoka kwenye gari dogo. Tairi hilo lilikwisha kustaafu mara moja. Mwenye gari alilitoa kwa sababu lilikuwa limeisha, yaani lile ua lililochongwa usoni mwake, ambalo mafundi wa Tanzania huliita "kashata", lilikuwa limelika mpaka tairi likabaki kipara. (Anayekijua kile kitamu cha nazi kinachokatwa vipande vya pembe nne na kuuzwa pamoja na kahawa ya Mji wa Kale hahitaji kuelezwa jina hilo lilitoka wapi.)

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mnunuzi wa tairi la mkokoteni hutazama kashata kwanza, kama alivyofanya mwenye gari. Lakini kwa mkokoteni kipara si kosa kubwa. Kashata zipo ili kutoa maji chini ya tairi na kuliwezesha gari la kasi kushika barabara. Mkokoteni hauna kasi hiyo, wala hausimamishwi kwa breki za magurudumu. Kosa kubwa kwa mkokoteni ni ufa. Mpira huzeeka hata ukikaa tu. Hewa, joto na mwanga wa jua huukausha, ukapoteza ulaini, na nyufa ndogondogo hujitokeza ubavuni na katikati ya kashata. Tairi linaweza kuwa na kashata nzima kwa kuwa lilikaa miaka mingi chini ya gari bovu, na likawa limekufa. Lingine linaweza kuwa kipara baada ya miaka mitatu ya kazi, na likawa na nguvu ya kubeba viazi kwa miaka kadhaa ijayo.

Umri huo haukisiwi, umeandikwa. Ubavuni mwa tairi huwa na herufi DOT zikifuatwa na mfululizo wa herufi na tarakimu. Tarakimu nne za mwisho ndizo cheti cha kuzaliwa: mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za pili ni mwaka. Penye 3219, tairi lilitengenezwa juma la 32 la mwaka wa 2019. Palipo na tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka wa 2000, na halifai kubeba hata kitunguu. Mara nyingi tarakimu hizi huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo asiyeziona na aligeuze. Kampuni ya Michelin hushauri kwamba tairi likipita miaka 5 katika matumizi likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linapendeza macho. Kupendeza macho kwenyewe kuna hila yake. Tairi kuukuu likipakwa rangi au mafuta hung'aa jeusi kama jipya, na nyufa hujificha. Dawa ni kulikunja ubavu kwa mikono miwili: mpira uliokufa hufunguka na kuonyesha nyufa.

Ubavuni huohuo kuna maandishi mengine, kwa mfano 175/70 R 13 82. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo, yaani asilimia 70. Herufi R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, kutoka mdomo hadi mdomo, na 13 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba ya mwisho ni ya uzito: 82 maana yake ni kwamba tairi likiwa zima na limejazwa sawasawa huweza kubeba kilo 475.

Sasa na tupige hesabu. Kanuni za viazi zilizotolewa Kenya mwaka wa 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Magunia 8 ni kilo 400. Ukiongeza uzito wa mbao na vyuma vya mkokoteni wenyewe, kila tairi hubeba kilo 200 na ushei. Maji hayana tofauti kubwa: mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na mitungi 20 hufikia kilo zilezile 400. Kwa hesabu hiyo tairi la gari dogo halijaelemewa hata kidogo. Mbona basi matairi ya mikokoteni hupasuka? Kwa sababu namba 82 iliandikiwa tairi changa lenye upepo wa kutosha, na tairi la mkokoteni mara nyingi halina sifa hata moja kati ya hizo mbili.

Upepo

Wanafunzi wa isimu wangefaidika kulizingatia neno hili. Kiswahili hakisemi, katika mazungumzo ya kawaida, kwamba tairi limejazwa hewa. Husema limejazwa upepo. Hewa imetulia, upepo una nguvu na mwelekeo. Watu wa pwani, waliokuwa wakingojea kaskazi na kusi ili vyombo vyao viondoke, walipokutana na tairi walilipa neno lilelile lililosukuma matanga yao.

Upungufu wa upepo humwumiza hamali kwa njia isiyoonekana. Katika gari la kasi, tairi legevu hupinda na kunyooka mara nyingi mno kwa dakika, likapata moto na kupasuka. Mkokoteni hauendi kasi ya kupata moto huo. Adui wake ni uzito: tairi legevu hulala barabarani, na kila hatua nguvu hupotea katika kuukunja ubavu wake badala ya kusogeza mzigo. Hamali huhisi kwamba viazi vya leo ni vizito kuliko vya jana. Viazi ni vilevile. Anayesukuma kilo 400 juu ya tairi lililolala kutoka Marikiti mpaka kando ya Ngome ya Yesu amefanya kazi ya ziada ambayo hakuna mteja atakayemlipa. Isitoshe, ubavu unaokunjwakunjwa ndio unaopasuka nyufa mapema, na tyubu iliyo ndani huchunwa na mikunjo hiyo mpaka ikatoboka bila kuguswa na msumari.

Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililoanikwa kwenye lami ya adhuhuri huonyesha kipimo cha juu kuliko ukweli. Kila joto likipanda kwa takriban nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, kipimo huongezeka kwa pauni moja hivi kwa kila inchi ya mraba. Anayepunguza upepo mchana kwa kuona kipimo kimezidi, jioni husukuma tairi legevu. Kadhalika matairi mawili sharti yawe ya ukubwa mmoja na upepo sawa. La sivyo mkokoteni huvuta upande mmoja, na hamali hushinda akiurudisha njiani kwa mkono mmoja bila kujua sababu.

Kubadilisha tairi

Kazi hii huonekana nyepesi kwa anayeitazama akiwa kivulini. Mkokoteni hushushwa mzigo, tairi la pili likawekewa mawe mbele na nyuma. Nati hulegezwa kidogo kwa spana wakati gurudumu lingali chini, kwa maana likiinuliwa litazunguka pamoja na spana. Kisha ekseli huinuliwa kwa jeki, au, kwa wasio na jeki, kwa nguvu za wenzao na gogo la kuiegemeza. Mtu hasimami wala hapitishi mguu chini ya ekseli iliyoegemezwa kwa mawe.

Tairi likitoka, upepo wote huachwa uishe kwanza kwa kung'oa kijipande cha ndani ya valvu. Ndipo mdomo wa tairi hubanduliwa kwenye ringi na kung'olewa kwa vyuma bapa, taratibu, tyubu isije ikabanwa. Tyubu hujazwa upepo kidogo na kuzamishwa kwenye karai la maji, na viputo huonyesha tundu lilipo. Pale penye tundu hukwaruzwa kwa tupa au msasa, hupakwa gundi, na hapa subira ndiyo ufundi wenyewe: gundi sharti ikauke kwanza kabla ya kiraka kubandikwa. Kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi hushika siku mbili, siku ya tatu kikaachia katikati ya Ndia Kuu.

Kabla ya kurudisha tyubu, fundi hupapasa sehemu ya ndani ya tairi kwa kidole. Aliyekitoa kiraka cha jana na kuweka kipya leo mara nyingi hakuupapasa msumari uliobaki ndani. Ringi nayo hukwanguliwa kutu. Katika mji uliozungukwa na bahari, chumvi ya hewani hula chuma bila kupumzika, na magamba ya kutu hutoboa tyubu kama miiba. Wakati wa kujaza, upepo huingizwa kidogokidogo huku fundi akitazama kama mdomo wa tairi umekaa sawa pande zote, naye hainamii tairi linalojazwa. Nati hukazwa kwa kukingamana, moja huku na inayoikabili kule, kisha hukazwa tena baada ya safari ya kwanza.

Gololi, mbao na breki isiyo breki

Beringi ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote kwa kuwa haionekani. Ndani yake mna gololi, neno lilelile ambalo watoto hulitumia kwa vile vimviringo vya kioo wanavyochezea uwanjani, na kwa kweli gololi za chuma za beringi kuukuu huishia mikononi mwao. Beringi ikikosa grisi gurudumu huanza "kulia". Hamali mwenye sikio huutambua mlio huo mapema. Asiye na sikio huutambua siku ekseli ilipolika. Matunzo yake hayana gharama kubwa: beringi hutolewa, huoshwa kwa mafuta ya taa mpaka grisi nyeusi yote itoke, hukaushwa, kisha grisi mpya hushindiliwa kwa kidole hadi ijae baina ya gololi. Kupaka grisi nje tu, juu ya ile chafu, ni kuuongezea mchanga mafuta. Kazi hii hufaa ifanywe kabla ya mvua za masika na irudiwe zikiisha, maana maji ya vidimbwi huingia ndani na kuleta kutu.

Mbao za kitanda na bolti zake hukaguliwa kwa kutikisa. Mpangilio wa mzigo pia ni sehemu ya matunzo. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka na kumnyanyua hamali, na ukikaa mbele mno humkandamiza. Hupangwa hivi kwamba mikono ilalie kiganjani kidogo tu.

Breki haipo. Kwenye mteremko, hamali wengi huinua mikono ya mkokoteni ili mkia wake uburute barabarani, na mkiani hapo hupigiliwa vipande vya tairi kuukuu. Vipande hivyo sharti vibadilishwe kabla misumari haijafika chini, kwa kuwa chuma kwenye lami iliyolowa huteleza. Hakuna kifaa kingine kinachomlinda hamali, wala kinachowalinda wapita njia.

Maneno ya fundi

Mji huu ndio uliopokea mkutano wa mwaka wa 1928 ulioamua kwamba msingi wa Kiswahili Sanifu uwe Kiunguja. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kikabaki nje ya mlango uliofunguliwa nyumbani kwake. Mabaki ya lahaja hiyo yanasomeka hata katika jina la Ndia Kuu, ambayo kwa usanifu ingekuwa Njia Kuu. Lakini msamiati wa tairi haukupitia mkutanoni. Tairi, tyubu, ringi, pancha, valvu, spana, jeki, nati, grisi na beringi yaliingia kupitia mikono ya mafundi, yakatiwa irabu kama Marikiti ilivyotiwa, na yanaeleweka Mvita, Unguja na Kigoma pasipo kamati.

Si yote yaliyokopwa. "Mpira" ni jina la mtambaa wa msituni uliotoa utomvu. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka wa 1888, tamaa ya utomvu huo iliongezeka duniani, na katika Kongo ya Mfalme Leopold watu waliteswa na kuuawa kwa ajili yake. Mti, utomvu, tairi na kitu wanachokipiga teke watoto vyote vikabeba jina moja la ngeli ya M-MI. Mafundi nao waliazima mwilini: gurudumu ni "mguu" wa gari, tairi lina mdomo na ubavu, lina kipara, linakula upande mmoja, na beringi inalia. Ushairi wa pwani uliyachuma maneno ya jahazi zamani, hata asiyewahi kupanda chombo husema mambo yamekwenda mrama. Maneno ya mkokoteni hayajapata bahati hiyo, ingawa wanaoyatumia hupita kila alfajiri chini ya madirisha ya washairi.

Tatizo lipo katika yale yasiyo na jina. Ule mfululizo wa tarakimu za DOT hauna neno la Kiswahili lililoenea, na kwa hivyo hauulizwi sokoni. Mnunuzi huuliza bei, huuliza kashata, lakini haulizi "umri wa tairi", ingawa maneno yote matatu ya swali hilo anayo. Hali hii ina uzito zaidi tangu mwaka wa 2016, kampuni ya Sameer Africa ilipoacha kutengeneza matairi ya Yana katika kiwanda chake cha Nairobi. Matairi mengi yanayouzwa sasa hutoka ng'ambo, na baadhi huwa yamekwisha kuzeeka yakiwa safarini na ghalani. Kijikaratasi cha Kiswahili chenye mchoro mmoja wa ubavu wa tairi, kikabandikwa kwenye ukuta wa fundi wa pancha, kingemwezesha hamali kuuliza. Kukiandika ni kazi ya juma moja kwa wanafunzi watatu wa Kiswahili, mradi wakubali kwanza kukaa na fundi na kumsikiliza.

Tairi la mkokoteni linapokwisha kabisa halitupwi. Ubavu wake hukatwa ukanda wa kufungia, sehemu ya uso iliyo nene hukatwa kwa kisu kikali kufuata kipimo cha wayo, vipande vyembamba hupigiliwa juu yake, na zikawa akala. Nyingi huvaliwa na hamali walewale, alfajiri inayofuata, wakiinama kupima upepo kabla magunia hayajapakiwa.